Ugonjwa umetangazwa na wewe uko na hoteli: vile utashikilia, na vile utarudi bila kuanguka mara ya pili

Kila tetesi ya ugonjwa ikianza, simu yangu haipumziki. Ilikuwa hivyo wakati wa Ebola ya Mubende hapa Uganda 2022, ikawa hivyo mpox ilipoingia 2024, na Ebola ilipotangazwa Kampala Januari 2025 ndio usiseme. Maswali ni yale yale: nifunge? wafanyakazi niwapeleke wapi? landlodi nimwambie nini? nichukue mkopo? Sasa nimeamua niandike yote mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Hii ni ya mwenye hoteli ya kawaida, ile ya matoke, posho (ugali), wali, maharage, binyebwa (mchuzi wa karanga), samaki, chai na chapati, mahali ambapo bosi mwenyewe ndiye anashika pesa na saa ingine anashika mwiko. Mwenye hoteli ya vyumba na mikutano anaweza kusoma lakini hesabu zake ni zingine. Mimi niko Busia, mpakani na Kenya, kwa hiyo utaona madereva wa lori wengi humu ndani, nivumilie.

Tukumbushane kidogo tu. Mgonjwa wa kwanza wa korona Uganda alithibitishwa Machi 21, 2020. Baa zilikuwa zimeshafungwa siku chache kabla, Machi 25 teksi na basi zikasimamishwa, Machi 30 ata magari ya watu binafsi, alafu kafyu ya saa moja jioni. Boda zikabaki za mizigo peke yake. Hoteli tukabaki na tekawe, chakula cha kubeba. Mwisho wa Mei magari ya binafsi yalirudi barabarani lakini sisi wilaya za mpakani tukaambiwa tungoje. Tukaanza kupumua, Juni 18, 2021 tukafungwa tena siku 42. Shule hazikufunguka zote mpaka Januari 10, 2022 na biashara ya usiku ikangoja mpaka Januari 24. Karibu miaka miwili. Kwa hiyo mtu akikwambia "vumilia wiki mbili itaisha", mshukuru, lakini usipange biashara kwa hizo wiki mbili.

Na jambo moja uliweke kichwani kabla hatujaanza: hoteli nyingi ambazo nimeona zikifa hazikufa siku ya kufungwa. Zilikufa kwa kodi iliyorundikana kimya kimya, na nyingi zilikufa baada ya kufunguliwa, mwenyewe amerudi na hoteli nzima ya zamani wakati wateja waliorudi ni nusu. Mwongozo huu wote ni kuhusu kuwa mdogo haraka na kuwa mkubwa polepole.

Vitu vya kuwa navyo kabla

- Daftari mbili. Moja ya mauzo na matumizi ya kila siku, nyingine ya madeni (unayodai na unayodaiwa). Usichanganye.
- Laini ya simu ya biashara peke yake, iwe na namba ya biashara ya kupokelea malipo ya MTN MoMo au Airtel Money. Laini yako ya kupigia shemeji usiiguse kwa biashara.
- Namba za wateja wako. Anza leo kuziandika, jina na anapofanya kazi. Hii ndio mali ambayo watu hawaioni.
- Mkataba wa nyumba wa maandishi. Kama mliongea tu mkashikana mikono, tafuta namna ya kuuandika sasa, wakati bado mnachekeana.
- Leseni ya biashara, TIN, na vyeti vya afya vya wote wanaoshika chakula. Wakati wa ugonjwa watu wa afya wanapita mara nyingi na hawana huruma.
- Jerikeni yenye bomba, sabuni, JIK (dawa ya klorini).
- Pesa ya kula nyumbani kwako wiki chache, iliyo mbali na hoteli. Bila hiyo utakula mtaji, hakuna mjadala hapo.

Hatua ya 1: Piga hesabu siku ile ile ya tangazo

Sio kesho. Kaa chini jioni hiyo, andika gharama zote ambazo utalipa ata kama hakuna mtu ameingia, uzigawe kwa siku. Alafu andika sahani moja inakuachia nini baada ya kutoa viungo vyake. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Hiyo ndio idadi ya sahani za kukufikisha usipate hasara wala faida.

Mfano, tuseme tu, kwa shilingi za Uganda. Kodi ya nyumba 600,000 kwa mwezi, hiyo ni 20,000 kwa siku. Wafanyakazi wanne kwa 10,000 kila mmoja, 40,000. Makaa 15,000. Maji na Yaka (umeme wa kulipia kabla) 5,000. Jumla 80,000. Sahani unauza 5,000, viungo vinakula 3,000, inabaki 2,000. Kwa hiyo lazima uuze sahani 40 kila siku ndio urudi nyumbani mikono mitupu. Ugonjwa ukikushusha mpaka sahani 25, unapoteza 30,000 kila siku inayopita na hauioni juu pesa inaingia mkononi na unahisi biashara inatembea.

Sasa angalia. Wafanyakazi wakiingia wawili wawili kwa zamu na makaa yakashuka mpaka 8,000, gharama inakuwa 53,000, unahitaji sahani 27. Landlodi akikubali nusu kodi, inakuwa 43,000, sahani 22. Umeona? Hatujaongeza mteja ata mmoja, lakini kutoka 40 tumefika 22. Ndio maana nasema mteja ni hatua ya baadaye, kwanza shusha hiyo namba.

Kosa la kawaida hapa: watu wanasahau mshahara wao wenyewe. Kama wewe unakula hapo na watoto wanakula hapo, andika. Chakula cha familia kikitoka sufuria ya biashara bila kuandikwa, hesabu yote inakudanganya.

Hatua ya 2: Kata menyu bila huruma

Hoteli yenye mboga kumi na mbili ubaoni ni ya wakati wa amani. Baki na vitu vinne au vitano, na uchague vinavyotumia viungo vile vile. Maharage yanaenda na posho, yanaenda na wali, yanaenda na chapati ikawa kikomando, asubuhi yanaingia kwenye katogo (matoke ya kuchanganywa sufuria moja). Sufuria moja, biashara nne. Binyebwa vile vile, karanga kavu hazikuozei. Samaki mbichi na nyama nyingi weka pembeni au pika kwa oda tu, mtu apige simu jioni, alipe kidogo, kesho anakula.

Pika sufuria ndogo mara mbili badala ya kubwa mara moja. Najua makaa yanapanda kidogo ukifanya hivyo, lakini maharage yaliyomwagwa ni ghali kuliko makaa. Ikifika saa saba na sufuria ya kwanza imebaki nusu, ya pili usiiwashe, ata kama mpishi ananuna.

Onyo la chakula kilichobaki, hapa watu wanaua jina lao. Chakula kilichoiva kikikaa nje kimepoa zaidi ya masaa mawili, usikiweke kwa mteja. Kiwe cha moto kweli, nyuzi 60 kwenda juu, au kiwe kwenye friji chini ya nyuzi 5. Maharage ya kulala yagawanye kwenye sahani pana yapoe haraka kabla ya kuingia friji, sufuria nzima ya moto ukiisukuma ndani katikati yake inabaki vuguvugu mpaka asubuhi. Wali ndio mbaya kabisa, unaharibika bila kunuka, na ukiupasha tena ile sumu haitoki. Wakati wa mlipuko mteja mmoja akitapika kwako mtaa mzima utasema ugonjwa umetoka kwako, na hakuna atakayesubiri majibu ya maabara.

Alafu usipunguze kipimo kimya kimya. Wateja wetu wanajua posho yao kwa macho. Kama lazima, weka sahani ndogo kwa bei ndogo, iandike ubaoni, na ile kubwa ibaki.

Hatua ya 3: Mwone landlodi kabla ya tarehe

Nenda na daftari. Usiende na machozi, kila mtu ako na machozi. Mwonyeshe mauzo ya mwezi uliopita na ya wiki hii, alafu toa pendekezo lenye namba: nitakulipa nusu kwa miezi mitatu, ile nusu ingine nitaigawanya miezi sita kuanzia siku tutakapofunguliwa. Ukimwambia "tutaona", yeye pia ataona, ataona mpangaji mwingine. Mkikubaliana andikeni, shahidi awe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kila mtu abaki na karatasi yake.

Jua pia sheria iko. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inagusa nyumba za biashara pia, hairuhusu mwenye nyumba kukutoa bila amri ya mahakama, na kodi haitakiwi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Lakini nakushauri hiyo sheria uikunje uiweke mfukoni, usianze nayo mazungumzo. Ukimtolea landlodi sheria siku ya kwanza, umeshinda kesi umepoteza nyumba.

Hatua ya 4: Wafanyakazi

Waite wote pamoja, waambie ukweli na namba. Zamu ni bora kuliko kufukuza: kundi moja Jumatatu mpaka Jumatano, lingine Alhamisi mpaka Jumamosi. Ina faida ya pili ambayo wengi hawaifikirii, kundi moja likiguswa na ugonjwa lingine bado liko salama na hoteli haifungi. Kwa hiyo makundi yasichanganyike, ata kwa chai.

Ukilazimika kuachisha mtu, fuata Employment Act ya 2006: aliyefanya kazi mwaka mmoja mpaka mitano notisi yake ni mwezi mmoja, na inapanda kadiri alivyokaa. Mpishi wako mkuu usimwachie hivi hivi, mtafutie ata nusu siku. Mpishi akienda anaondoka na mchuzi wake, na wateja wanafuata mchuzi.

Anayeumwa abaki nyumbani na umpe kitu kidogo cha kula. Ukimkata siku nzima atakuja na homa yake amenyamaza, na hapo umenunua ugonjwa kwa 10,000.

Hatua ya 5: Usafi unaoonekana

Theori kidogo tu. Korona inapita kwa hewa, kwa hiyo fungua madirisha, toa meza nje chini ya mwembe, tenganisha viti. Ebola haipiti kwa hewa namna hiyo, inapita kwa majimaji ya mwili wa aliyeugua au aliyekufa, kwa hiyo mikono na nyuso za vitu ndio kazi, na nyama ya porini usiiguse wala usiiuze. Mpox inapita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi, au nguo na taulo za mgonjwa. Usifanye maonyesho ya ugonjwa mmoja wakati uliokuja ni mwingine.

Maji ya kunawa yakae mlangoni, sio nyuma karibu na choo. Bomba na sabuni, sekunde 20. Mteja aone mpishi wako akinawa pia.

JIK: soma chupa kwanza, nyingi ni asilimia 3.5. Kikombe kimoja cha JIK kwa vikombe 34 vya maji inakupa asilimia 0.1, inatosha kupangusa meza, vitasa, na meza ya pesa. Osha kwa sabuni kwanza ndio upake, klorini juu ya mafuta na uchafu haifanyi kitu. Iache dakika chache, na panapowekwa chakula suuza kwa maji safi. Changanya mpya kila siku. Usichanganye JIK na dawa ingine ya choo au siki, inatoa hewa ya sumu, jikoni ndogo isiyo na dirisha unaweza kuanguka. Na kuipuliza watu mwilini hapana, tafadhali, tuliona hiyo mambo 2020 na haisaidii.

Hatua ya 6: Tekawe, lakini piga hesabu ya kontena

Hapa ndio watu wanaumia wakidhani wanaokoka. Rudi kwenye mfano wetu. Sahani ilikuwa inakuachia 2,000. Kontena na kavera (mfuko wa plastiki) ya kubebea tuseme 500. Imebaki 1,500. Zile sahani 22 sasa zimekuwa 29. Kwa kontena tu! Kwa hiyo ama uongeze 500 ubaoni wazi wazi, ama umwambie mteja aje na bakuli lake lenye kifuniko, na wewe unamimina kwa mwiko bila kugusa bakuli. Watu wa karibu wanakubali kabisa, tena wanapenda maana mchuzi unajaa.

Kupakia kwenyewe:

- Mchuzi upande wake, posho au matoke upande wake. Ukichanganya, kwa boda inafika uji wa mtoto.
- Matoke na luwombo (mchuzi unaopikwa ndani ya majani) bado hakuna kitu kinashinda majani ya ndizi. Yanashika joto, ni rahisi, na mteja anaona heshima.
- Chips toboa kifuniko matundu mawili matatu, la sivyo zinalegea kabla ya kufika Sofia, mtaa wa hapa Busia.
- Mchuzi wa moto usimimine kwenye kavera nyepesi, tumia chombo cha chakula.
- Andika jina na saa ya kupakia juu.

Oda zichukue kwa WhatsApp na simu za kawaida. Asubuhi saa mbili weka kwenye stetasi vitu vya siku hiyo na bei, picha ya kweli ya sufuria yako, usichukue picha ya intaneti yenye kijani pembeni ambayo hauna. Funga oda saa tano na nusu ujue unapika nini. Toka uuze kwa vikundi: ofisi moja, karakana moja, egesho moja la malori. Madereva waliokwama Malaba na Busia 2020 wakingoja majibu ya vipimo, foleni kilomita kwa kilomita, walikuwa wanakula, na aliyewafikia kwa chombo kilichofunikwa na bila kuwabagua aliuza. Watu wengi waliwakimbia kama vile wao ndio ugonjwa, na wao hawajasahau nani aliwauzia chai.

Boda wa kupeleka chagua mmoja au wawili mnaojuana, mlipe kwa safari ya vikundi sio sahani moja moja. Kama uko Kampala programu za kupeleka chakula zipo lakini soma kamisheni yao ukiwa na ile hesabu ya hatua ya 1 mkononi, sahani ya kukuachia 1,500 inaweza kukuachia sifuri. Na usiwaweke wateja wako wote ndani ya programu ya mtu. Jumia Food ilifungwa Uganda mwisho wa 2023 na waliokuwa wanaitegemea peke yake wakabaki hawana namba ya mteja ata mmoja.

Malipo ya simu: usiamini meseji, angalia salio. Kuna vijana wanatuma meseji inayofanana kabisa na ya kweli, anakwambia "bosi nimetuma" na ako juu ya boda. Chakula hakitoki mpaka salio lipande. Kila jioni hamisha pesa ya kodi na ya stoku upande wao, ikikaa pamoja itanunuliwa sukari.

Hatua ya 7: Hamisha masaa

Kafyu ya saa moja jioni iliua chakula cha usiku na muchomo (nyama choma). Aliyebaki anangoja jioni alingoja bure. Sogea asubuhi: katogo saa kumi na mbili na nusu, chai na chapati, alafu chakula cha mchana mapema, saa kumi unaosha vyombo. Wafanyakazi wafike kwao kabla ya doria, hiyo si ombi.

Kama uko karibu na shule, fikiria zaidi. Shule zilikaa kimya karibu miaka miwili, walimu wa shule za binafsi wengi hawakuwa na mshahara, na hoteli za pale nje zilizongoja shule zifunguke "mwezi ujao" zilingoja mpaka zikaisha. Hamisha sigiri (jiko la makaa) uende watu walipo. Masoko ya chakula hayakufungwa.

Hatua ya 8: Mkopo na pesa za serikali

Mkopo wa kulipa kodi ya nyumba wakati hauuzi: usichukue. Mkopo wa kununua kitu kinachoshusha ile namba ya sahani, mfano jiko linalokula makaa nusu, au friji kama ulikuwa unamwaga chakula, huo tunaweza kuongea.

Kama uko na mkopo tayari, nenda benki kabla haujakosa rejesho. Aprili 2020 Benki Kuu ya Uganda iliruhusu benki kupanga upya mikopo ya walioguswa na korona, lakini hawakukufuata nyumbani, ilibidi uombe. Wakopeshaji binafsi wanaotaka kadi ya kitambulisho na simu yako rehani, waulize leseni ya UMRA (wanaosimamia wakopeshaji wadogo), asipokuwa nayo simama uende.

Pesa za serikali zinakuja, zinakuja zimechelewa na ziko na masharti. Ule mfuko wa kufufua biashara ndogo wa bilioni 200 ulioanza mwisho wa 2021 ulikuwa na riba isiyozidi asilimia 10, bei nzuri kabisa, lakini ilitaka biashara iliyosajiliwa, wafanyakazi 5 mpaka 49, na mauzo ya milioni 10 mpaka 100 kwa mwaka, tena yenye maandishi. Ni wangapi kati yetu tuko na wafanyakazi watano kwa karatasi? Kwa hiyo daftari yako ya kila siku sio ya kujifurahisha, siku ingine ikija pesa kama hiyo wewe uwe na kitu cha kuonyesha.

URA, watu wa ushuru wa serikali: ritani (taarifa ya ushuru) peleka ata kama hauna mauzo. Kunyamaza kunazaa faini, na faini hazijui korona.

Hatua ya 9: Kufungua tena

Siku ya tangazo la kufungua kila mtu anapiga rangi. Wewe usipige rangi. Fungua na ile ile hoteli ndogo, menyu ile ile fupi, na uangalie mauzo ya wiki nne. Mauzo yakikaa juu ya namba yako kwa wiki nne mfululizo, rudisha kitu kimoja: mfanyakazi mmoja, au mboga moja, au masaa ya jioni. Kimoja. Ngoja tena. Wiki ya kwanza ya kufunguliwa inadanganya sana, watu wamechoka kukaa nyumbani na wanakula kama harusi, wiki ya tatu ndio unaona sura yao ya kweli.

Madeni ya wateja wa zamani usiwadai kwa kelele mlangoni, wataacha kupita barabara yako. Mwite pembeni, "mzee wangu, tuanze kidogo kidogo", analipa chakula cha leo na 1,000 ya zamani. Wengi wanamaliza. Mpya usikopeshe, kabisa, mpaka ya zamani iishe.

Alafu bei. Kila mwezi rudia hesabu ya viungo, maana kufunguliwa hakuleti bei za zamani. 2022 sisi tulidhani tumepona, Januari madereva wa lori wakagoma mpakani kwa sababu ya ada ya vipimo, petroli ikapotea na kupanda vibaya, alafu vita vya Ukraine vikaanza Februari, mafuta ya kupikia na unga wa ngano vikaruka. Waliobaki na bei ya chapati ya 2021 walikuwa wanauza kwa hasara na foleni ndefu, wakijisifu. Foleni sio faida. Pandisha kidogo na mapema, eleza, na ile sahani ndogo iache kwa asiyeweza.

Ukikwama

*Wateja wanaogopa kuingia.* Toa meza nje, jiko lionekane. Wapigie wale wa daftari mmoja mmoja, usitume meseji ya watu wote. Kumi wakirudi wengine wanafuata.

*Mfanyakazi amepatikana na ugonjwa.* Funga, waambie watu wa afya, osha, fungua na kundi la pili wakishakuruhusu. Usifiche. Mtaani itajulikana kabla ya saa sita, bora wajue kutoka kwako.

*Landlodi amefunga kufuli.* Usivunje. Piga picha, ita LC1, chukua ile karatasi mliyoandikishana, na mkishindwa pale nenda mahakamani na risiti zote. Omba kwanza uruhusiwe kutoa chakula kinachooza, wengi wanakubali hiyo.

*Sahani zinafika ile namba lakini pesa haionekani.* Hesabu sahani unazotoa asubuhi na zilizobaki jioni, ulinganishe na daftari. Tofauti ikijirudia siku ya mtu fulani, umeshajua. Kama haina mtu, basi ni kipimo cha mwiko kimekuwa kikubwa au ni watoto wako.

*Boda analeta chakula kimepoa au kimepungua.* Funga kifuniko kwa stika au uzi, mteja akikuta imefunguliwa asipokee.

*Nimefanya yote na namba haifiki miezi mitatu mfululizo.* Basi funga wewe mwenyewe kabla deni halijakufunga. Lipa wafanyakazi kwanza, mpe landlodi notisi ya maandishi, uza viti na meza, alafu friji. Sufuria kubwa, sigiri na daftari ya namba za wateja baki nazo, unaweza kupika kwa oda kutoka nyumbani wiki hiyo hiyo. Na URA waandikie kwamba biashara imesimama, la sivyo ritani zitaendelea kuhesabika juu ya jina lako.